Mlango wa Ndege ya Nyota

Jirani yangu hapa Sake ametandika shitingi juu ya maharagwe yake ili mvua isiyaloweshe. Juzi jua likatoka kali, likaipiga ile plastiki mpaka ikaanza kunuka. Wewe uliyekua pamoja nasi unaijua harufu hiyo: ukali wa plastiki iliyochemka, unaokwaruza koo, na ndani yake kama jasho la watu waliokaa wakibanana. Nilikuwa kizingitini, simu mkononi. Kwenye simu, kikundi changu cha wapenzi wa filamu za anga walikuwa wanagombana tangu asubuhi. Nimo humo mwaka wa pili sasa. Sisemi kitu, nasoma tu. Kuna filamu moja yenye miisho miwili. Wapo walioona toleo la kwanza, wapo walioona lile ambalo mtengenezaji alirudi nalo baadaye akakata hapa, akaunga pale, na kila upande unaapa kwamba wake ndio mwisho wa kweli. Mmoja aliandika kwamba asiyeona toleo refu afunge mdomo. Mwingine akamjibu kwa kumtukania mama. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kisha ile harufu ikanifikia, na kicheko kikakatika. Ugomvi wa namna hiyo mimi niliupigana zamani, nikiwa na miaka tisa au kumi, kule kijijini kwetu Burungu. Niliupigana mpaka nikamng'ata mtu.

Sinema ya Burungu ilikuwa kibanda cha miti ya mikaratusi kilichozungushiwa shitingi pande zote. Ndani mlikuwa na mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, televisheni moja yenye mgongo mkubwa, na nje ilikaa jenereta ambayo mwenyewe, Papa Deo, aliileta juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedeli. Papa Deo alikuwa mwembamba, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. Kazi yake hasa ilikuwa kufasiri. Alisimama kando ya televisheni na kijiti mkononi, na kila aliyefungua mdomo kwenye filamu, Papa Deo ndiye aliyemsemea. Wanawake aliwapa sauti nyembamba, maaskari aliwapa sauti ya puani, na hata mbwa waliongea. Lugha za filamu zile alikuwa hajui hata moja. Hilo tulikuja kulijua ukubwani, na nasema kweli, hata tungelijua wakati ule lisingetuuma.

Mtoto aliingia kwa bidoni moja ya maji. Ulichota chemchemini, ukapanda nayo kilima, ukaimwaga kwenye pipa la mke wa Papa Deo, halafu ukapita. Jumapili baada ya misa utatuona tumepanga mstari, bidoni kichwani, nguo za kanisani zimelowa mabegani.

Wengine walikuja na ndugu zao. Mimi nilikuja peke yangu. Mama yangu alikufa nikiwa sijaota meno, nami nililelewa na Tate, mama wa baba, katika nyumba ya watu wawili. Nyumba ya watu wawili ina kimya chake. Mmoja akienda shambani, anayebaki anaanza kuongea na kuku. Niliongea na kuku sana. Baba alikuwa amekwenda Walikale kuchimba mawe, kama tulivyosema sisi; hakuna aliyeyaita madini. Siku aliyoondoka alifunga buti zake kwa kamba akazitundika shingoni ili zisiharibike na matope, akanishika kidevu, akasema, "Sifa, nitarudi mbele maharagwe ivunwe." Maharagwe yalivunwa. Yakapandwa tena, yakavunwa tena. Mara mbili alipita mtu kutoka huko na salamu zake na kipande cha sabuni. Baadaye hata salamu zikakatika. Kila jioni Tate aliacha viazi viwili chunguni, asubuhi tukavila baridi bila kusema vilikuwa vya nani.

Filamu yenyewe, ile ya ugomvi wangu, ilikuja na mvua za kwanza. Kama Papa Deo alivyotufasiria, ilikuwa hivi. Taa za dunia nzima zinataka kuzimika, kwa kuwa zinawaka kwa jiwe fulani linalong'aa, na jiwe hilo limekwisha. Linapatikana kwenye nyota moja tu, mbali mno, iliyo tupu ndani kama mtungi. Mwanaume mmoja anakubali kwenda kulichimba. Anamwacha binti yake nyumbani juu ya kilima. Papa Deo alimwita mwanaume Bahati na binti akamwita Zawadi, kwa sababu, alisema, muntu wa Burungu hawezi kumulilia muntu mwenye jina linauma ulimi.

"Bahati anaenda wapi?" mtoto mmoja aliuliza kutoka benchi la nyuma.

Papa Deo hakuwa mtu wa kukosa jibu. "Anaenda Walikale," akasema. "Walikale ya juu. Si njo kwenye kuko mawe?"

Kibanda kizima kikaangua kicheko, watu wakapiga makofi. Mimi sikucheka. Nikamtazama yule mtu akivaa buti zake kubwa na ile nguo nyeupe iliyovimba, yenye kioo usoni, akashuka ndani ya shimo na taa kichwani. Hakuna aliyewahi kunieleza kazi ya baba. Sasa niliiona. Nikaona kwa nini hawezi kuja haraka, na kwa nini salamu zake hazifiki. Tangu dakika hiyo sikuwa naangalia filamu, nilikuwa nimekwenda kumtembelea baba yangu.

Bahati akachimba. Akaandika siku zake ukutani kwa jiwe. Redio yake ikakoroma, ikanyamaza. Huku nyumbani Zawadi akawa anapanda kilimani kila asubuhi kutazama juu, na mimi nilijua shingo yake inaumia wapi. Hatimaye ile ndege ya nyota ikaonekana, ikateremka polepole, ikakaa kwenye majani karibu na nyumba yao. Watu wakakimbia. Zawadi akawapita wote. Mlango ukaanza kufunguka, na mwanga mweupe ukamwagika nje, mweupe kiasi kwamba nyuso zetu sote kibandani ziliangaza. Hapo jenereta ikakohoa. Ikakohoa tena. Televisheni ikanywea ikawa kitone katikati ya kioo, kisha hata kitone kikaenda.

"Papa Deo! Nani anatoka?"

"Esansi imekwisha."

"Papa Deo, utuambie tu!"

"Hata miye sijaiona bado! Mukuye siku ya Mungu ingine."

Wiki hiyo Burungu hapakufanyika kazi ya maana. Chemchemini, malishoni, njiani kwenda shule, watoto walikuwa na swali moja tu: nani anatoka mlangoni? Wengine walisema anatoka mnyama wa kule aliyemla Bahati na kuvaa nguo zake. Wengine walisema atatoka mzee, kwa kuwa huko siku ni ndefu. Katekista wetu, mtu mpole aliyekuwa akiingia sinema kwa siri na kofia usoni, alisema mwanga mweupe njo mbingu, batoto, na ile ndege haikuteremka, ilipanda. Mimi niliwasikiliza kama mtu anayesikiliza wajinga. Anatoka Bahati. Mtu akisema atarudi, anarudi. Nilisema hivyo mara nyingi mpaka wakanichoka.

Katikati ya wiki ile ile, mwanaume mmoja alifika kwetu na matope mpaka magotini. Alivua kofia, akasimama mlangoni. Tate alimwambia aingie, hakuingia. Alimletea kiti; hakukaa. Alimpa maji, hakuyapokea. Nikasema moyoni, huyu hakufunzwa na mama yake. Sikujua kwamba kwetu aletaye neno la namna ile hakai, wala hanywi maji ya nyumba hiyo. Waliongea kwa sauti ya chini. Tate akageuka akaniambia niende kuokota kuni, na si hapa karibu, kule mbali kwenye mikaratusi. Niliporudi, yeye aliyekuwa hakai bure hata dakika moja, alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, kitambaa cha kichwani amekifunga kiunoni. Wanawake wa jirani walikuwa wamemzunguka.

"Tate, iko nini?"

"Kichwa inaniluma, mama," akasema. Tate aliniita mama aliponipenda na aliponionea huruma. Usiku huo nililazwa kwa mke wa Papa Deo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa napanda na bidoni ya maji, nikaona kwa mbali wanaume wanne nyuma ya nyumba yetu. Walikuwa wamekata mgomba, kipande cha urefu wa mtu. Walichimba karibu na ua, wakaulaza ule mgomba chini, wakaufukia. Papa Deo alikuwa mmoja wao. Nikasimama nikiwashangaa. Sisi tunalima ndizi, najua zinavyopandwa: chipukizi na mizizi yake, tena kwa kusimama. Hawa walikata shina tupu na kulilaza kama mgonjwa. Wanaume wazima, nikasema, hawajui kupanda hata mgomba!

Jioni nikamuuliza Tate nikimwonyesha mahali pale, "Ile fasi, banapanda mugomba?"

Mikono yake ilikuwa inachambua maharagwe, ikasimama.

"Eeh," akasema. "Banapanda."

Kwa kuwa waliupanda vibaya, nikaona ni juu yangu kuusaidia. Kila asubuhi kabla ya shule nilimwaga pale maji, nusu ya bidoni, polepole, udongo usichimbike. Tate aliniona. Hakunikataza hata siku moja. Nilijiambia baba akirudi atakuta ndizi zimeiva, nami nitamwambia: hizi ni zangu, niliziokoa mimi.

Jumapili ikafika. Nilikaa benchi la mbele kabisa. Papa Deo alifasiri, lakini sauti yake haikuwa na mchezo wake wa siku zote. Alimfanya Zawadi aongee kama mtu mzima aliyechoka. Ndege ikateremka. Mlango ukafunguka, mwanga ukamwagika, na Papa Deo akanyoosha mkono akabonyeza. Picha ikasimama pale pale, mlango wazi, mweupe, hamna mtu.

"Bahati anatoka," Papa Deo akasema haraka haraka. "Anamwambia: Zawadi, niko hapa. Njo mwisho, filamu imekwisha."

Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nikageuka nyuma kuwatazama wale wa mnyama na wale wa mzee. Mliona? Nani alisema kweli? Papa Deo alikuwa ananitazama. Nilipomtazama, akainama kufuta sahani ya filamu kwa shati lake.

Basi nikaitaka tena Jumapili iliyofuata, na nyingine tena. Watoto wengine waliichoka, wakataka filamu za kupigana, lakini mimi nilifika na bidoni mbili badala ya moja, na Papa Deo hakujua namna ya kunikatalia. Kila mara alisimamisha pale pale. Kila mara Bahati alitoka kwa mdomo tu.

Esperance alikuja wakati wa palizi. Watu wao walikuwa wametoka Mweso kwa kukimbia vita, wakafikia kwa mjomba wake karibu nasi. Alinizidi mwaka mmoja, alikuwa na ulimi mwepesi, na mji wa hospitali na soko kubwa ulikuwa umemfundisha kutuona sisi washamba. Chemchemini siku moja nilikuwa namsimulia mtoto mdogo jinsi Bahati alivyotoka, na Esperance akatua bidoni yake.

"Hakutoka, weye," akasema. "Ndani hamukuwa muntu."

"Unadanganya!"

"Niliiona na macho yangu mawili, pale Mweso, nyuma ya soko. Mulango inafunguka. Muko nguo yake tu, ile ya kioo. Imekaa kwenye kiti, ndani ni bure. Kisha banaibeba, banaiweka mu sanduku, banaizika kwenye kilima. Yule mutoto anatupa udongo. Njo mwisho."

"Kama hamukuwa muntu, nani alileta ndege?"

"Ilijileta."

"Ndege inajileta? Hata chukudu haijilete!"

"Kwa muteremuko, chukudu inajileta," Esperance akasema, na watoto wote wakacheka. Walicheka na mimi nikiwa katikati yao, na sikuwa na kaka wala dada wa kusema basi.

Nikatafuta neno la mwisho. "Nguo haizikwe," nikasema. "Nani anazika nguo? Uliona wapi muntu anazika nguo?"

"Inazikwaka," akajibu, sasa bila kejeli, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. "Kama muntu amekufiaka mbali na hakuna namna ya kumuleta. Banazika nguo yake. Ao mugomba. Kwenu habafanyake?"

Nilimrukia. Namng'ata mkono mpaka nasikia chumvi. Walitutenganisha, yeye analia, mimi silii. Nilichukua bidoni yangu tupu nikapanda kilima, na njia nzima neno moja lilikuwa linanifuata: mugomba. Nilikataa kuligeukia.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Papa Deo. Alikuwa nje anasafisha kichwa cha jenereta.

"Papa Deo, filamu inabakia. Kisha mulango kufunguka, iko kitu ingine."

"Sahani ilikwaruka, Sifa. Haifike."

"Kwa Mweso inafika."

"Ya Mweso ni ingine. Kila fasi na yake."

"Basi uiweke, tuone fasi inakwaruka."

Mtu aliyewapa mbwa na maaskari maneno alikuwa amekosa la kwake. Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia hapo, mikono imejaa grisi. Aliketi juu ya jiwe, akajifuta uso, uso ukaingia weusi. "Ungojee," akasema. Akaelekea kwetu, na mimi nikamfuata kwa nyuma.

Nilisimama kwenye kona ya nyumba. Sikujificha, hawakutazama tu upande wangu.

"Mama," Papa Deo alimwambia Tate, "mutoto anataka kuona mwisho. Na miye njo nilikosa. Miye njo nilisema ni Walikale. Ilikuwa ya kuchekesha tu, mama. Sikujua. Tangu siku ile nakata, nakata, na siwezi tena."

"Hauna kosa, Deo," Tate akasema. "Mwenye kosa ni miye. Kila asubuhi namuona na maji yake, nasema leo nitamuambia. Kinywa inakataa."

"Sasa nifanye nini?"

Tate alitazama ule udongo karibu na ua. Ulikuwa mweusi, umelowa. Nilikuwa nimeumwagilia asubuhi ile.

"Muonyeshe," akasema. "Na miye nitakuya."

Tate hakuwa ameingia sinema maisha yake yote. Alisema ni nyumba ya uongo. Mchana ule alivaa kitenge chake cha misa, akanishika mkono, akapita chini ya shitingi akiinama kama anayeingia kanisani. Tulikuwa watatu tu, sisi wawili na Papa Deo, na jua lilikuwa linaichemsha ile plastiki juu ya vichwa vyetu. Harufu ilikuwa kali. Tate alikaa benchi la mbele, mgongo wima, mikono mapajani.

Papa Deo alianzia karibu na mwisho. Ndege ikateremka, watu wakakimbia, Zawadi akawapita wote. Mlango ukafunguka. Nilimtazama Papa Deo, nikaona mkono wake umenyooka, halafu akaurudisha, akaufungia kwapani.

Mwanga ulipungua. Ndani mlikuwa na kiti, na kwenye kiti nguo ile nyeupe, kofia yake ya kioo imelala kwenye bega. Walipoigusa ikakunjika. Wanaume wanne wakaibeba, wakaiweka kwenye sanduku, wakaenda nayo juu ya kilima kwenye majani marefu, wakaizika. Walikuwa wanaongea, midomo yao inacheza, na Papa Deo hakufasiri neno hata moja. Alikuwa ametazama ukuta. Ilisikika jenereta tu, na lugha ya watu wale ambayo hakuna aliyeijua.

Akafasiri Tate.

"Hata bo, bale ba ndege," akasema polepole, macho kwenye televisheni. "Na mashini zao zote. Hata bo banajua, muntu akikosa kurudi, ni lazima kumulaza fasi moja, ili apumuzike. Ili na wenye kubakia bapumuzike."

Zawadi akainama, akachota udongo, akautupa. Picha ikazimika yenyewe, safari hii si kwa kukosa mafuta.

"Tate," nikasema. "Ule mugomba."

"Eeh, mama."

"Ni Papa?"

"Ni Papa yako. Kilima kilibafunika huko ndani, yeye na wenzake. Hakuna namna ya kumutoa."

Sikulia pale. Nilichowaza, na nakiri ni ajabu, ni maji. Nilimwaza baba amelala pale chini asubuhi zote zile, na mimi namlowesha. Nikauliza, "Na mimi nilikuwa namumwagia maji, alisikia baridi?" Hapo ndipo Tate, ambaye nilikuwa sijaona chozi lake, alivunjika. Alinivuta kwenye kitenge chake akalia kwa sauti, na Papa Deo akatoka nje akasimama karibu na jenereta, ingawa ilikuwa haina tena kazi.

"Hapana," Tate alisema aliponyamaza. "Ulimunywesha. Alienda na kiu, huko mu Walikale. Ulimunywesha."

Nilitaka kumwambia Esperance kwamba alisema kweli. Nilijipanga, nikatafuta hata muhindi wa kuchoma wa kumpelekea. Lakini watu wao walikuwa wamehama tena, asubuhi na mapema, kuelekea sikujua wapi. Mjomba wake alikuwa anafagia pale walipolala. Sikumwona tena, na kama yu hai, ana alama ya meno yangu mkononi. Nilibaki sina hata adui wa kubishana naye.

Jumapili iliyofuata nilifika sinema na bidoni yangu. Papa Deo alishangaa kuniona.

"Unataka gani?"

"Ile ile."

Akanitazama vizuri. "Mupaka wapi?"

"Mupaka mulango."

Hakuuliza mara ya pili. Aliiweka, akafasiri kwa sauti yake ya zamani, na pale mlangoni akabonyeza. Wengine walitoka. Mimi nilibaki nimekaa, na mlango uko wazi mbele yangu, mweupe, na Papa Deo akaiacha jenereta iendelee kwa muda ambao sasa, nikijua bei ya mafuta, naona ulikuwa mrefu. Tulifanya hivyo mpaka mwisho wa msimu wa mvua, kisha sinema yenyewe ikahama kama vilivyohama vitu vyote. Tate amelala pale pale Burungu, karibu na ule ua. Mgomba haukuchipua. Mimi nimeishi Sake miaka mingi, nafundisha watoto wa watu, na nyumba yangu ni ya mtu mmoja, ambayo kimya chake ni kikubwa kuliko kile cha watu wawili.

Juzi, basi, harufu ya shitingi imenijaa kifuani, nikaandika kwenye kile kikundi kwa mara ya kwanza. Niliwaeleza ile filamu kwa maneno machache, nyota tupu na jiwe linalong'aa, nikauliza kama kuna anayeijua. Loo, walikuwapo wengi. Mmoja alisema lipo toleo fupi na lipo refu, mazishi yapo katika yote mawili. Akaniuliza mimi niliona lipi.

"Lile linaloishia mlangoni," nikaandika. "Baba anatoka."

Wakacheka kwa zile alama zao za kucheka. Mwingine, mjuzi wao, yule wa kufunga watu midomo, akaandika kwa uhakika kwamba ameifuatilia filamu hiyo tangu itoke na hakuna toleo kama hilo popote duniani.

Lipo. Nililiona Burungu, mara nyingi, na kiingilio chake kilikuwa bidoni moja ya maji.